Karagosi Husema Tunayoyanyamazia



Mtu akitaka kumdharau mwenzake kwa Kiswahili humwita karagosi. Maana yake ni kwamba mtu huyo hana uamuzi wake. Yuko mwingine nyuma anayemvuta kamba. Mke anayeitikia kila neno la mawifi zake huitwa hivyo, na mume anayemsikiliza mkewe naye huitwa hivyo. Lakini karagosi ni jina la kitu kabla ya kuwa tusi. Ni mwanasesere anayechezeshwa kwa mkono, kwa kijiti au kwa uzi mbele ya watazamaji. Jina lenyewe limetoka mbali. Uturuki kuna mchezo wa kale wa vivuli, na mhusika wake mkuu anaitwa Karagöz. Ni mtu wa kawaida, hakusoma, ana ulimi mkali, na huwaambia wakubwa yale ambayo raia hawathubutu kuyatamka. Jina hilo likasafiri kupitia kwa Waarabu mpaka likafika kwetu.

Kwa hiyo huyo tunayemfanya mfano wa mtu asiye na kauli, mwanzoni alikuwa msemaji hodari. Mwezi huu tunapenda kumzungumzia yeye, pamoja na michezo ya kuigiza inayochezwa mahali pasipo na jukwaa wala pazia: chini ya mti, mnadani, kisimani, kwenye uwanja wa zahanati. Huku kwetu Singe, katika mji wa Babati, hatuna ukumbi wa maonyesho. Hata hivyo tunalo jambo zito la kusemwa, na pengine mchezo wa namna hiyo ndio utakaotusaidia kulisema.

JAMBO LENYEWE

Jambo hilo ni ukeketaji wa watoto wetu wa kike. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Manyara wanawake 58 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa idadi hiyo imeshuka hadi 43 kati ya 100. Tumshukuru Mungu kwa kushuka huko, lakini tusijidanganye. Kwa nchi nzima idadi ilikuwa 8 kati ya 100. Mkoa wetu ulikuwa bado miongoni mwa inayoongoza.

Tangu mwaka 1998 sheria inasema wazi kwamba kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 15. Sheria ni nzuri. Lakini kila mama wa huku anajua kilichofuata. Shughuli iliyokuwa ikifanywa mchana kwa ngoma na vigelegele ilihamia usiku, na wasichana wakubwa wakaachwa ili wakatwe watoto wachanga, ambao hawawezi kumsimulia mwalimu wala kumweleza polisi. Siku hizi jambo hili linaweza kumalizika ndani ya nyumba ya mzazi aliyetoka kujifungua, kati ya mkwe na ngariba, kabla baba hajarudi kutoka shambani.

Katika mkutano wa mtaa kila mtu hunyosha mkono kwamba ukeketaji ni mbaya. Mkutano ukifungwa, kila mtu hurudi nyumbani na siri yake. Mke kijana hawezi kusimama mbele ya watu akasema, "Mama mkwe wangu anataka kumkata mwanangu." Akisema hivyo atalala wapi? Ndiyo maana mikutano peke yake haitoshi. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini hawakutuambia tuufunue namna gani bila kuvunja nyumba zetu.

UKUMBI NI PALE WATU WALIPO

Baadhi yetu husikia maneno "mchezo wa kuigiza" tukafikiria shule, wanafunzi waliokariri, na mgeni rasmi amekaa mbele. Lakini wazee wetu hawakungoja ukumbi. Hadithi zilisimuliwa jikoni na kando ya moto, na aliyesikiliza aliitikia, akauliza, akacheka, akamsahihisha msimulizi. Ngoma zilichezwa uwanjani. Kwa Wasukuma, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vimekuwa vikishindana tangu zamani kuvuta watazamaji. Mmoja huleta nyoka hai, mwingine hutoa sanamu za mbao ambazo viungo vyake vinachezeshwa. Makaragosi, basi, si wageni katika nchi hii.

Mwaka 1982 na 1983 walimu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi, walikwenda kufanya kazi katika kijiji cha Malya, wilaya ya Kwimba, mkoani Mwanza. Hawakubeba tamthiliya iliyokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji, wakauliza ni jambo gani linalowasumbua, wakasikiliza. Lililojitokeza lilikuwa mimba za wasichana wadogo. Wakati huo msichana wa shule aliyepata mimba alifukuzwa, na habari ikaishia hapo. (Ni Novemba 2021 tu ndipo Serikali ilipotangaza kwamba mama kijana anaweza kurudi shuleni.) Wanakijiji wenyewe walitengeneza michezo na ngoma kuhusu mambo hayo, wakaicheza hadharani mbele ya majirani zao. Baada ya kucheza walijadiliana: nani anasababisha, nani ananyamaza, nani abadilike.

Mama Mlama ndiye yule aliyeandika tamthiliya ya Nguzo Mama mwaka 1982 kwa jina la Penina Muhando, akionyesha wanawake wa kijiji kimoja wakihangaika kuisimamisha nguzo. Katika kitabu alichokitoa mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo alifundisha jambo ambalo kila kikundi kinapaswa kulikumbuka: mchezo ukiletwa na wakubwa ili kuwahubiria wananchi, wananchi watautazama kama wanavyotazama mvua ya nchi nyingine. Ukitoka kwao, wataubeba hadi nyumbani.

Mwaka 1996 yeye na Mama Lihamba walianzisha mradi wa TUSEME katika shule za sekondari. Wasichana walifundishwa kuyataja matatizo yanayowazuia kusoma, kuyatungia michezo, na kuyaonyesha mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Baadaye mradi huo ulichukuliwa na FAWE, shirika la wanawake waelimishaji wa Afrika, ukafika katika nchi nyingine nyingi. Jina la Kiswahili likaenda nao.

Wala tusidhani huu ni mzaha. Huko Kamiriithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wakulima na wafanyakazi, wanawake wengi miongoni mwao, walijijengea ukumbi wa wazi kwa mikono yao. Mwaka 1977 walicheza mchezo wa Kikikuyu uliotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ pamoja na wanakijiji, kuhusu ardhi na unyonge wa maskini. Baada ya wiki chache tu serikali ya wakati ule iliupiga marufuku, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ulibomolewa. Mtu havunji kisichomtia hofu.

KWA NINI KARAGOSI?

Sasa mtauliza: kama watu wanaweza kuigiza, karagosi wa nini?

Mwaka 1988, Afrika Kusini ikiwa bado chini ya ubaguzi wa rangi, Gary Friedman alianzisha maonyesho ya makaragosi kuhusu UKIMWI. Yalikuwa makaragosi makubwa kupita mtu, na yalichezwa mitaani, mahali watu walipokuwa wakipita. Nyuso zao zilipakwa rangi ya kijivu ili asiwepo wa kusema, "Huu ni ugonjwa wa watu wa rangi ile." Kuanzia mwaka 1994 ujuzi huo ulifika Kenya, ambako vijana walifundishwa, wakaunda vikundi vya makaragosi vya kufundisha afya, vikazunguka sokoni, shuleni na vituo vya mabasi. Waligundua kwamba maneno ambayo mwigizaji akiyatamka watu wangeinamisha vichwa na kuondoka, karagosi akiyatamka watu hucheka, kisha hutulia na kusikiliza.

Sababu si ngumu kuielewa. Mama wa Singe akiigiza mkwe mkali mbele ya majirani, jioni ile atasikia maneno: "Ulikuwa unamsema nani?" Lakini karagosi hana ukoo. Hana wifi wala shemeji, hakuolewa kwa mahari ya mtu. Akimaliza kusema anarudishwa mfukoni. Aliyemshika amejificha nyuma ya kanga, na mtazamaji hukasirika au huhuzunika kwa ajili ya kitambaa na gazeti bila kuona aibu kwamba yeye ndiye anayesemwa.

Kuna na faida nyingine kwa watu wa Babati. Mji wetu una Wairaqw, Wagorowa, Warangi, Wambugwe, Wabarbaig na wengine wengi, na si kila bibi anakielewa vizuri Kiswahili cha mikutano. Karagosi husema zaidi kwa kuinama, kutetemeka, kugeuka mgongo na kujificha. Bibi ataelewa. Na watoto wakianza kukimbilia kicheko, wakubwa hufuata nyuma.

Sisi tusomao Biblia hatupaswi kuishangaa njia hii. Nabii Nathani hakumwendea Mfalme Daudi kwa lawama. Alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake mmoja, mfalme akakasirika, akatoa hukumu, ndipo akatambua kwamba amejihukumu mwenyewe.

MCHEZO UNAPOSIMAMISHWA

Hata hivyo, kucheka na kupiga makofi si mwisho wa kazi. Augusto Boal, mtu wa maigizo kutoka Brazil aliyefariki mwaka 2009, alifundishwa jambo hili na mwanamke mmoja asiyejua kusoma. Mwaka 1973 Boal alikuwa Peru katika mpango wa elimu ya watu wazima. Mwanamke mmoja alimpa kisa. Mume wake alikuwa akimwomba fedha za kujengea nyumba, na kila mara alimpa karatasi zenye harufu nzuri azitunze, akisema ni stakabadhi. Siku moja alimpelekea jirani amsomee. Zilikuwa barua za mapenzi kutoka kwa mwanamke mwingine! Na mume alikuwa arudi kesho yake. Afanye nini?

Waigizaji walicheza kisa hicho, wakafika pale mume anapobisha hodi, wakasimama na kuwauliza watazamaji. Mmoja akasema alie, mwingine akasema aondoke, mwingine akasema amfungie nje. Kila shauri lilijaribiwa. Mama mmoja mnene akapendekeza amkaribishe, wazungumze kwa uwazi kabisa, kisha amsamehe. Waigizaji wakajaribu, lakini yule mama hakuridhika, na kila waliporudia alizidi kukasirika. Mwishowe Boal akamwambia apande mwenyewe aonyeshe. Akapanda, akashika ufagio, akamcharaza yule mwigizaji, kisha akaketi mezani akamwagiza aende jikoni akamletee chakula. Kumbe hayo ndiyo "mazungumzo ya uwazi" aliyokuwa nayo moyoni!

Hatuwafundishi kushika ufagio, akina mama. Tunachokiona hapo ni kwamba hakuna mtu mwingine aliyeweza kusema kwa niaba ya yule mama kile alichokusudia. Tangu siku hiyo Boal aliwaachia watazamaji waingie mchezoni.

Hebu tuchukue mfano wa kwetu. Karagosi mama amejifungua mtoto wa kike. Karagosi bibi anaingia na mkoba wake, anamfungua mtoto nepi, anatikisa kichwa: "Huyu ana lawalawa. Asipokatwa hatapona." Mchezo unasimama. Msimamizi anauliza: "Nani atamshika karagosi mama aendelee?" Mwanamke wa kwanza anamshika na kumkimbiza kwao. Lakini karagosi baba mzazi anamrudisha: mahari yamekwisha kuliwa. Wa pili anamweleza mume. Mume anajibu kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Wa tatu anampeleka mtoto zahanati, na karagosi muuguzi anaeleza kwamba kinachoitwa lawalawa ni maambukizi tu, yanatibika kwa dawa na usafi, na kwamba kukata huongeza maambukizi, huleta kutoka damu nyingi, na kesho huleta taabu wakati wa kujifungua. Vema, lakini bibi yuko nyumbani bado anangoja.

Ndipo mwanamume mmoja aliyekuwa amesimama nyuma huenda akaomba kumshika karagosi mume, akasema: "Mama, mtoto huyu ni wangu, na hatakatwa." Watu wote wamesikia, na yeye mwenyewe amejisikia akilisema. Neno hilo lilishindikana mkutanini. Na mke wake, aliyesimama na mtoto mgongoni, amejua kuanzia leo kwamba hayuko peke yake. Mama kijana hawezi kuubeba mzigo huu mwenyewe. Lazima baba, muuguzi na hata bibi washike upande wao. Tunaweza kuwahubiria watu jambo hilo mwaka mzima, lakini wakiligundua wenyewe kwa mikono yao hawalisahau.

TUANZE VIPI?

Hakuna gharama kubwa. Kichwa cha karagosi hutengenezwa hivi: viringisha udongo wa mfinyanzi ukubwa wa chungwa, uweke pua, mashavu na shingo. Upake mafuta kidogo. Chana magazeti ya zamani vipande vidogo, uvichovye katika uji mzito wa unga wa ngano, uvibandike juu ya udongo tabaka kwa tabaka, si chini ya matano. Kianike kivulini siku mbili tatu. Kikikauka kikate katikati, toa udongo, kiunge tena kwa gazeti na uji. Kisha paka rangi. Shona gauni la kitenge lenye nafasi ya vidole vitatu: kimoja cha kichwa, viwili vya mikono. Asiyeweza hayo na atumie soksi, au gunzi la hindi lenye kitambaa. Pazia ni kanga mbili zilizofungwa kati ya miti miwili.

Chagueni mahali ambapo watu wamekwisha kukusanyika: siku ya kliniki ya watoto, kwenye mashine ya kusaga, siku ya mnada. Mwombeni ruhusa mwenyekiti wa mtaa mapema. Mchezo usizidi dakika 20. Mazungumzo yapewe muda mrefu zaidi. Mama mmoja mwenye busara awe msimamizi, asiyetoa majibu bali anayeuliza.

Yatupasa pia kujihadhari na mambo haya:

Kwanza, msiigize habari ya nyumba inayojulikana. Badilisheni majina, idadi ya watoto na kila kitu kinachoweza kumtambulisha mtu. Mchezo wa kumuumbua jirani ni masengenyo yaliyovaa nguo nzuri.

Pili, msimfanye bibi kuwa shetani. Naye alikatwa, na anaamini anamtendea mjukuu wema. Karagosi bibi apewe sababu zake na machozi yake, ili bibi aliye mbele yenu aweze kubadilika bila kufedheheka.

Tatu, kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Baada ya mchezo huenda msichana akawafuata kando akawaambia jambo lake. Kabla hamjacheza mjue mtampeleka kwa nani: muuguzi, ofisa ustawi wa jamii, dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, nayo ni ya bure. Kumfungua mtu mdomo kisha kumwacha peke yake ni ukatili.

Hatusemi kwamba makaragosi yatamaliza ukeketaji Manyara. Kutoka 58 hadi 43 kumetokana na kazi ya watu wengi: wauguzi, walimu, viongozi wa dini, na wazazi waliokataa kimyakimya. Lakini katika hao 43 waliobaki wengi wanalindwa na ukimya, na ukimya huo umo pia katika vikundi vyetu vya akina mama, ambako tunaimba vizuri na kuchangiana harusi na misiba. Kikundi kinachoweza kushona vitenge vya sare kinaweza kushona magauni manne madogo: la mama, la baba, la bibi na la muuguzi.

YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Ni jambo gani katika mtaa wetu ambalo kila mama analijua na hakuna anayelisema mkutanini?

2. Kama mchezo ungesimamishwa pale bibi anapoingia na mkoba, wewe ungemshika karagosi yupi, na angesema nini?

3. Ni mahali gani katika mtaa wetu wanaume na wanawake hukutana bila kuitwa? Je, panafaa kutundika kanga mbili?